Nyimbo za jangwani: nisikilize wapi, stejini ama kisimani?

SautiYaNakuru:

Habari zenu wote. Mimi ni mtu wa Nakuru, kazi yangu ni kufunga spika na maiki kwa harusi na matanga na mikutano ya kanisa, na nikipata nafasi huwa narekodi wazee wakiimba, hakuna mtu ananilipa, napenda tu. Mwaka jana rafiki yangu alinibeba mpaka Loiyangalani kule Ziwa Turkana kwa ile tamasha ya jamii 14 za Marsabit, na kusema ukweli nilikuwa na hamu sana juu nimesikia habari yake tangu ilipoanza 2008.

Sasa shida yangu ni hii. Kila kundi lilipewa dakika chache, mtu wa maiki anaingilia kati "asanteni sana asanteni, tunaomba kundi lingine lijiandae", jenereta inanguruma nyuma, na ule upepo jamani, nikiskiza klipu zangu leo ni kama nilirekodi lori likipanda mlima na gia ya kwanza. Kuna wamama wa Kirendille walianza wimbo mmoja polepole, mmoja anatangulia wengine wanaitikia kutoka ndani ya kifua, shanga zinaruka shingoni zikishuka zinalia chwa, mpaka nikafunga macho, ndio wimbo unaanza kuiva wakaambiwa wakati wao umeisha. Nikaskia vibaya kama ni mimi nimefukuzwa.

Halafu usiku tulilala kwa vibanda vya makuti pale kwenye mikoma, na mzee mlinzi akawa anaimba peke yake nje. Sauti ya chini, hakuna chombo chochote, anagonga tu fimbo kwa akala yake. Sikurekodi, niliona ni kama kuingilia maombi ya mtu. Asubuhi nikamuuliza huyo ulikuwa unamwimbia nani, akacheka, akaniambia ni ngamia wake alikufa wakati wa ule ukame wa juzi. Akanitajia rangi yake, mama yake, na laga (ule mto mkavu wa msimu) aliyozaliwa. Yaani ule wimbo ulikuwa kama kitambulisho.

Naulizia wale wanaojua huko, mtu akitaka kusikia hizi nyimbo na hadithi zikiwa nzima, si za dakika tano, aende wapi na lini? Hadithi bado zinasimuliwa ama ni simu tu sasa kama kwetu? Na kurekodi ni sawa ama nitaonekana mwizi? Na swali la mwisho la kikazi, mbona sikuona ngoma hata moja?

MtuWaMaikona:

Karibu ndugu yangu. Mimi ni Mgabra, nimezaliwa Maikona pale ukingoni mwa jangwa la Chalbi, sasa niko Marsabit mjini nauza dukani. Masikio yako hayakukudanganya. Nyimbo zetu nyingi hazikutungwa za kutazamwa, zilitungwa za kufanyia kazi.

Fikiria hivi. Ngamia amerudi kutoka malisho, amekaa siku kumi na kitu hajaona maji, akifika anaweza kunywa lita 100 na zaidi akiwa amesimama pale pale, na hao ni arobaini wanangoja, jua limewaka, na kila tone linatoka chini kwa mikono ya watu. Wanaume wanashuka kisimani wanajipanga mmoja juu ya mwingine, ndoo ya maji inapanda ile tupu inashuka, mkono kwa mkono, hakuna anayeangalia anaishika wapi, na kinachofanya zisigongane ni wimbo peke yake. Ukikosa pigo moja ndoo inakuangukia kichwani, ndio maana kisimani hakuna mtu anaimba vibaya haha. Visima virefu kabisa vya aina hii viko kwa Waborana ng'ambo ya mpaka, kama Dubluk upande wa Ethiopia, vyetu vya pale Chalbi si virefu hivyo, lakini kazi ni ile ile na wimbo lazima.

Nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye hori na fimbo nizuie ngamia wasisukumane. Kulikuwa na jike mmoja wetu akiskia baba anaimba anakuja mbio hata zamu yake haijafika, lakini mjomba akiimba maneno yale yale neno kwa neno, hageuki. Anatafuna tu anaangalia Huri Hills. Sasa wewe ukienda na maiki yako utarekodi maneno, sijui utarekodi vipi hiyo ya kumtambua baba.

Ngoma za kuchezea hukuona kwa sababu ngoma ni mzigo, ile takatifu ya wazee ipo lakini si ya stejini. Sisi nyumba yenyewe inabebwa, miti na mikeka na ngozi zote zinafungwa juu ya ngamia, na ni mama ndiye anaijenga na ndiye mwenye nyumba, mwanamume ukikosana naye unalala na mbuzi. Sasa kila kitu kikipimwa mgongo wa ngamia, nani atabeba gogo la kupiga tu? Tunapiga makofi, tunapiga miguu, tunatumia koo. Na siku ya kuhama msafara wote ukianza kutembea alfajiri, zile kengele za mbao shingoni mwa ngamia zinagonga kila moja na sauti yake, ukiwa umelala bado unajua nani ametangulia. Hiyo rekodi, uje na betri za kutosha.

Hadithi zipo. Ni usiku baada ya kukamua, akko wangu (bibi yangu mzaa baba) mchana alikuwa anakataa kabisa, hata umpe tumbako. Anaanza na vitendawili, kwetu tunaita hibo, na ukishindwa unatoa mji kama tu kwa Waswahili, mimi nilikuwa natoa Nairobi haraka haraka juu sikuwa nimeiona na sikuwa na uchungu nayo. Simu zimeingia ndio, lakini pande nyingi mtandao ni mpaka upande kwa jiwe fulani, na usiku hakuna mtu anatoka kwenda kwa jiwe, fisi wapo.

Ila usiende wakati wa tamasha ukitarajia kusikia hayo. Enda wakati wa kiangazi, Kalacha ama North Horr, mahali watu wananywesha.

Ekicholong:

Mkuu wa Maikona umesema vizuri lakini hapo kwa tamasha nakataa kidogo. Mimi ni Mturkana wa Lodwar, upande wa pili wa ziwa, na kwetu kuna tamasha ya Tobong'u Lore, maana yake ni kama kusema karibuni tena nyumbani. Mwaka mmoja walikuja Watoposa kutoka Sudan Kusini na Wanyangatom wa Ethiopia na Wakaramojong wa Uganda, watu ambao wengi wetu tulikuwa tunawajua kwa habari za wizi wa mifugo tu, wakaanza wimbo wao, na mstari wa pili uwanja mzima unaitikia. Hakuna aliyefundishwa. Lugha ni ndugu, ng'ombe ni wale wale. Nyanya yangu alikuwa amekaa chini kwenye kistuli chake akasimama, huyo mtu alikuwa hajasimama bila kushikwa tangu Krismasi.

Sasa hiyo ungeisikia kisimani gani?

Halafu kwa SautiYaNakuru, kama unataka kuelewa wimbo wa mwanamume wa kiturkana ujue unaimba fahali. Si ng'ombe kwa jumla, ni fahali mmoja aliyehasiwa, pembe zake zimekunjwa tangu akiwa mdogo zikae vile mwenyewe anataka, na jina la utani la huyo mwanamume linatoka kwa rangi ya huyo fahali, baba wa mweupe, baba wa madoadoa, hivyo. Kwa edonga, ule mchezo wetu wa kuruka, utaona mtu ameinua mikono juu, watalii wanafikiri anaomba mvua ama anafurahi, hizo ni pembe. Mkono mmoja umeinama mbele mwingine nyuma, basi fahali wake ndivyo alivyo. Kabla hujarekodi uliza fahali ni yupi la sivyo utakuwa umechukua sauti bila mwenyewe.

Na ngoma ipo, ni ardhi. Watu mia wakiruka wakashuka pamoja ardhi inajibu, simama karibu uvue viatu utaiskia kwa nyayo kabla ya masikio.

Mgogo_Halisi:

Wakuu naomba kupita tu, mimi niko Dodoma. Sisi siyo jangwa ila ukame tunaujua kwa jina la ukoo, na kwetu wanawake ndo wanapiga ngoma ya muheme, wameibana katikati ya mapaja, tena wanaipiga haswa. Marehemu Hukwe Zawose aliibeba zeze na marimba ya kigogo mpaka Ulaya huko watu wakashangaa. Nilikuwa nadhani kila penye vumbi Afrika Mashariki pana ngoma kumbe nyie wenzetu mnacheza na koo na makofi tu. Nimejifunza kitu leo. Naendelea kusoma.

BintiWaKorr:

Nimesoma hii nikakumbuka mambo mengi acha niandike, mnisamehe ikiwa ndefu.

Mimi ni Mrendille na mimi ni mmoja wa hao wanaokatwa dakika. Si mwaka jana, lakini nimeimba kwa hiyo jukwaa na zingine tatu nne, mama yangu ndiye anatangulia na mimi ni wa kuitikia. Wimbo wa harusi kwetu unaweza kwenda usiku kucha, una mahali pa kumsifu bibi harusi, pa kumkejeli bwana harusi, pa kutaja ngamia wa mahari mmoja mmoja, na pa kulia. Ukiambiwa uufupishe uwe dakika saba unatoa nini? Mara ya kwanza tulijadiliana ndani ya gari kutoka Korr mpaka tukafika bado tunabishana. Mama akasema tutoe ya kulia, juu wageni hawajui bibi harusi. Kwa hivyo watu wote mnaosikia huo wimbo hapo mnasikia harusi ambayo hakuna mtu amelia. Mimi kila tukifika pale kwenye lile pengo koo langu linakaza.

Na kuna malipo. Mwaka mmoja, si Loiyangalani, mahali pengine sitataja, mwandaaji fulani alituleta watu ishirini na mbili kwa lori, tukalala kwa darasa la shule, tukaimba siku mbili, tukapewa wali na soda na karatasi ya kusaini. Baadaye binamu yangu akiwa Nairobi ananitumia picha, ni mama yangu kwa bango kubwa la kuuza safari za kitalii, na ile nywele yake ya doko. Doko si mtindo wa saluni jameni, ni ya mama aliyezaa kifungua mimba wa kiume, inakaa kama upanga wa jogoo, na siku fulani inanyolewa na kuna sababu ya kunyolewa. Wakati hilo bango liko juu barabarani, mama alikuwa ameshainyoa kwa sababu ya msiba. Nilimwonyesha kwa simu akanyamaza sana halafu akauliza tu, "Huyo mwanamke bado ana furaha?"

Kwa hivyo swali lako la mwizi ni swali zuri na nimefurahi umeuliza kabla.

Lakini hapo kwa Ekicholong nakubaliana. 2022 Marsabit ilikuwa kafyu, jioni kila mtu ndani, watu wamekufa sana, mtu wa kabila hili hawezi kupitia kijiji cha wale. Sasa ukipelekwa mahali mmelala hema moja na watu ambao kaka yako anaogopa kuwataja, na usiku mmoja wao anauliza ule wimbo wenu wa asubuhi mnaimba vipi pale mwisho, ni kitu. Si amani ya mikutano na fulana. Ni mtu ameuliza mwisho wa wimbo. Nilimfundisha, na yeye akanifundisha wa kwao wa kusukasuka maziwa, na mimi mpaka leo nikisuka maziwa naimba wa kwao, mama ananiangalia hasemi kitu.

Na Waelmolo wa pale Layeni, mwende muwasikilize mkipata nafasi. Ni wachache sana, lugha yao ya zamani imekwisha, sasa wanaongea Kisamburu, lakini maneno machache yamebaki. Wakicheza ule mchezo wa kuwinda kiboko, ambaye siku hizi hawindwi, mtoto wa miaka sita anaimba maneno ambayo babu yake mwenyewe hajui yote yana maana gani. Mimi hapo huwa sisikii jenereta.

MsomaSheria:

Nitasema kifupi tu. Kenya kuna sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Nyimbo za jamii ni mali ya jamii, na mtu akitaka kuzitumia kwa biashara lazima apate ridhaa yao kwanza, wakijua zitatumika vipi, na wagawane faida. Kurekodi kwa kumbukumbu zako si sawa na kuuza, lakini usianze kwa kujificha. Ongea na wazee, andika kwa karatasi, soma kwa sauti kwa lugha wanayoelewa. Hiyo karatasi aliyosaini BintiWaKorr nina uhakika hakuna mtu alimsomea.

BintiWaKorr:

Hakuna. Na kalamu ilikuwa yao wakaichukua.

TaniboiMstaafu:

Mimi nimepanda hizo barabara na malori ya mbuzi na samaki miaka kumi na mbili acha niongee ya muhimu nyinyi watu wa utamaduni mnasahau.

Zamani Isiolo kwenda Moyale ilikuwa siku mbili ya kumeza vumbi, sasa ni lami tupu mpaka mpakani, kwa hivyo Marsabit unafika na basi la usiku bila maneno. Shida ni kutoka hapo. Ya kwenda Loiyangalani nzuri ni ile ya kukata Laisamis, wale wa umeme wa upepo waliitengeneza kilomita zaidi ya 200 mpaka kwa mitambo yao, na ukiona ile mitambo 365 imesimama kama msitu wa chuma ujue upepo wenye uliharibu klipu zako umetoka hapo, unabanwa kati ya Mlima Kulal na Nyiru ukatokea na hasira. Unavuma mbaya usiku na asubuhi mapema, alasiri unalegea kidogo. Rekodi alasiri! Na maiki ivalishe sweta. Sifanyi mzaha, tulikuwa na mzungu mmoja wa redio tulimbeba kutoka Baragoi, alikuwa na kitu ya manyoya kama paka kwa maiki, ikachukuliwa na mbuzi, akakata mkono wa sweta yake akavalisha, akasema ni sawa tu.

Ya Chalbi usiingie wakati wa mvua. Inaonekana kavu juu, chini ni uji. Nimeacha lori hapo siku tisa na mzigo wa sukari, na nikuambie hapo ndio nilisikia hadithi nyingi kuliko maisha yangu yote, wachungaji wanapita jioni wanakuja kuona lori, hawaendi, wanakaa. Chai unapika wewe hadithi wanaleta wao. Sukari ilipungua ile siku ya tisa sijui nitasemaje kwa mwenye mali, nikasema panya.

Beba majani ya chai, sukari, tumbako ya wazee. Pesa ipo Mpesa inaingia mijini lakini mzee akikupokea nyumbani usimtumie kwa simu kama unalipa stima, mpe mkononi wakati wa kuaga.

Na kama huna nafasi ya kwenda, skiza Radio Jangwani ya Marsabit.

SautiYaNakuru:

Jamani asanteni, sikutarajia haya yote. BintiWaKorr pole kwa mama, nimesoma ile sehemu yako mara tatu. Wale wamama wa dakika chache niliwarekodi na sikuuliza mtu, nilikuwa kwa umati kama wengine. Nikitoa ile kelele ya jenereta inaweza kusikika vizuri kidogo. Naweza kuwapata vipi niwarudishie? Sitaiweka popote.

BintiWaKorr:

Weka kwa memori kadi, si kwa mtandao, huku wamama wengi wana ile redio ndogo ya kuchomeka kadi. Andika nje rangi za shanga za yule aliyekuwa anatangulia na shuka gani alikuwa amevaa, ipe basi la Marsabit mwambie dereva aachie Laisamis stendi, nitakutumia jina la duka kwa ujumbe. Korr si kubwa, watajulikana kabla chai haijachemka.

MtuWaMaikona:

Na mimi nikupangie. Njoo mwezi wa pili kabla mvua haijakaribia, nitakupeleka kwa mjomba. Yule yule ambaye ngamia alimkataa, bado yuko, sasa ni mzee na ngamia wanamskiza siku hizi, yule jike alishakufa kitambo hakuna wa kumlinganisha. Lakini kwanza lazima ulipe kiingilio. Hibo: nyumba yangu ina miguu minne na asubuhi imeondoka na vyombo vyote. Ni nini?

SautiYaNakuru:

Kobe!

MtuWaMaikona:

Kobe ana sufuria? Umeshindwa, nipe mji.

Ekicholong:

Si ameandikiwa jibu hapo juu kabisa na bado ameshindwa 😂😂 mtu wa spika huyu masikio ni ya kazi tu

SautiYaNakuru:

Haya chukua Nakuru, na ziwa lake.

MtuWaMaikona:

Nimechukua. Flamingo nitawauzia TaniboiMstaafu alipe deni la sukari.